Kila Mtu Kwetu Ana Mgongo Isipokuwa Mimi

Jumatano. Magharibi tushaswali na joto bado halijaondoka. Limekaa ndani kama mgeni aliyekwisha kula na hana habari ya kuaga. Naandika nimelala kifudifudi juu ya mkeka, simu mbele ya pua, maana daktari amesema nilale hivi mara kwa mara, na leo nimeamua kuwa mtiifu kwa mtu ambaye si wa familia yangu.

Sina raha. Naliweka hilo mwanzo kabisa, ili anayetafuta maneno matamu aende kurasa nyengine, ziko tele.

Wanaonisoma toka zamani wajua kwamba naishi Kibokoni, ghorofani, na mamangu. Kwa asiyenijua: mimi ni mwanamke wa makamo, niliolewa nikaachwa, nikarudi kwetu na sanduku langu, na tangu siku ile nikawa mtu wa nyumbani. Mama alipooza upande wa kushoto mwaka juzi. Ulimi haukupooza. Ulimi, alhamdulillahi, umezidi nguvu. Nadhani umerithi zile za mguu.

Siku yake ina safari mbili. Asubuhi namtoa kitandani nampeleka kwenye kiti cha kuogea. Na baada ya asri namtoa kitandani nampeleka dirishani. Ile ya asubuhi ni ya lazima. Hii ya asri ndiyo ya maisha. Kitandani ni mgonjwa. Dirishani ni Bi Zena. Hapo ataona nani kanunua samaki gani, mtoto wa nani yuaenda chuoni kusoma Kurani na kanzu haijapigwa pasi, mwanamume gani apita mara ya pili bila shughuli ya kujulikana. Ng'ambo ya kichochoro yuko jirani yetu Bi Shamsa naye dirishani kwake, na kichochoro chenyewe ni chembamba hata wangetaka wangepeana chumvi. Hupeana mengine.

Na kati ya kitanda na dirisha niko mimi. Napitisha mikono makwapani mwake, yeye hunishika juu ya kiwiko kwa ule mkono mzima, nasema bismillahi, navuta. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kumvuta.

Maumivu yalianza kiunoni kama kitu cha kupita. Kisha yakateremka takoni, yakateremka nyuma ya paja, yakafika kwenye shavu la mguu wa kushoto, na sasa yamejenga kwenye kidole kidogo cha mguu. Nikikohoa, ni kama nimeshika waya wa stima. Nilikwenda kwa mkandaji Majengo akanikanda kwa mafuta ya simsim mpaka nikanukia kama kitoweo. Nikaumikwa chuku, nikatolewa damu. Nikajifunga leso kiunoni, nikaikaza kama mwanamke aliyetoka kuzaa. Yote yalinifaa mpaka safari ya pili ya mama.

Ijumaa iliyopita nilikwama kwenye rukuu.

Niliinama vizuri, kurudi ndio hakukuwa. Nikabaki pale nimejikunja kama herufi. Mama akaniangalia kutoka kitandani kwa muda, kisha akasema, “Umeangusha nini hapo?” Nilipokuja kujinyoosha, kwa kushika ukuta na kumtaja Mungu kwa majina ambayo sikujua nayajua, jua lilikuwa limeshauacha mtaa. Mama akaomba simu akampigia Twalib. Hakumwambia kwamba mimi ni mgonjwa. Alimwambia kwamba asri imekwisha na yeye hajafika dirishani.

Twalib ni mdogo wangu, mwana wa kiume pekee. Mama hulitamka jina lake kama mtu anayeonja asali kwa ncha ya kidole. Anakaa Kizingo, kwenye miti na ukimya, ana ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Huja kutuona akiwa na nafasi, na akija husimama, maana hapa kwetu ana tabia ya kutokaa. Mkewe Nawal ana mgongo wa uzazi, watoto wote walitolewa kwa kisu. Twalib mwenyewe ana mgongo wa ofisi. Bi Shamsa ana mgongo wa umri. Kila mtu ana mgongo wake unaojulikana na kuheshimiwa. Mimi ndiye sikuwa nao. Mimi nilikuwa na mikono.

Kwa hivyo nilishangaa Twalib aliponipigia kusema kwamba amenitafutia daktari wa mgongo hasa, si hawa wa dawa. Alikuwa ameangalia video. Mtu aingia amepinda, daktari amshika kichwa, akakizungusha na kumualisha pingili, ka! ka! kama kuni kavu, na mtu atoka anatembea kama askari wa gwaride. “Dakika chache tu, dada,” akasema. “Utarudi mzima siku ileile.” Fani hiyo yaitwa kairopraktika. Mama aliuliza huyo mtu ni daktari ama si daktari. Twalib akasema ni daktari wa pingili. Mama akasema basi na amuangalie upesi, kabla ya asri.

Leo baada ya adhuhuri akaja kunichukua. Nawal alikuja kukaa na mama, akakaa karibu na mlango.

Zahanati yenyewe ni nyumba ya zamani ya watu wakubwa, hukohuko Kizingo, imepakwa rangi nyeupe. Hewa ya baridi. Juu ya meza umesimamishwa uti wa mgongo wa plastiki, pingili juu ya pingili, na mishipa ya manjano inatokeza ubavuni kama mizizi ya mhogo. Twalib akamwendea msichana wa mapokezi, akaegemea meza, akasema, “Nimemleta dada yangu atengenezwe mgongo. Nitamngojea hapahapa.”

Naijua sauti ile. Ndiyo anayoitumia akipeleka gari kubadilishwa oili.

Daktari alikuwa mwanamke, nikashukuru. Daktari Mwende, mtu wa Ukambani, kijana, kucha fupi, viatu vya kutembelea. Nilimpenda kwa sababu hakuniambia pole. Aliniketisha, akaketi, akaniuliza kama mtu aliye na siku nzima. Maumivu yalianza vipi, yanakwenda wapi, asubuhi vipi, nikikaa vipi, choo vipi, mkojo naudhibiti ama vipi, nimepungua mwili? Nikamjibu yote kwa ufasaha. Halafu:

“Unafanya kazi gani, mama?”

“Niko nyumbani.”

“Unanyanyua vitu vizito?”

“Hapana.”

Hapa yataka maelezo. Kwetu mtu akimhudumia mzazi wake hasemi. Ukisema umesimbulia, umemhesabia wema wako, na ukisimbulia basi kazi yote imekwenda na maji, hapa duniani na huko mbele. Mwanamke wa Mji wa Kale ataweza kukuhadithia kila kitu kuhusu mumewe na mawifi zake, lakini muulize kama mamake ni mzito, atakutazama kama umemtukania maiti wake. Kisha Twalib alikuwa nje, na mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nyepesi. Kwa hivyo nilisema hapana, kwa uso mkavu, na daktari akaniamini, maana ni nani mwenye akili zake atakayekwenda kwa daktari kumdanganya?

Basi akaanza kumtafuta mkosa mwengine. Akauliza godoro. Nikamwambia ni la sufi, la zamani. Akauliza mto, viatu, na namna ninavyoishika simu. Nikaona kabisa jinsi godoro la watu linavyoingia matatani bila hatia, nikanyamaza.

Kisha akaniambia nivue buibui nisimame. Akanitazama mgongo kwa nyuma muda mrefu, kama fundi anayetazama ukuta uliopinda. Niiname mbele: nikafika magotini nikasimama. Nijipinde nyuma. Nitembee kwa vidole, nitembee kwa visigino. Kwa kisigino cha kushoto nilichechemea, akaniambia nirudie. Nikalala chali, akauinua mguu wangu wa kushoto umenyooka, polepole, na haujafika popote waya wa stima ukawaka mpaka kidoleni. Nikamshika mkono. Akasema, “Sawa, sawa, nimeshaona,” akaushusha kama yai. Akanigonga magoti kwa nyundo ya mpira. Magoti yakaruka. Akanigonga nyuma ya visigino. Cha kulia kikajibu. Cha kushoto kilikuwa kimya, kama mtu aliyesikia hodi na hataki kufungua.

Akanigusa pembeni mwa mguu kwa pamba. “Unasikia?” Nikamwambia nasikia kwa mbali, kama mtu anayenigusa juu ya soksi.

Hapo uso wake ulibadilika kidogo. Si sana. Lakini mimi nimeshinda miaka nikisoma uso wa mamangu, na wa huyu ulikuwa na maandishi makubwa.

Akasema anipime presha. Nikapandisha mkono wa dera, wa kushoto.

Akauacha ule ukanda wa presha hewani. Juu ya kiwiko changu kuna alama: za zambarau, za kijani, na za manjano za siku nyingi, moja juu ya nyengine. Mimi nimezizoea, siku hizi hata sizioni. Yeye aliziona. Akainuka, akaenda akahakikisha mlango umefungwa, akarudi akakaa karibu zaidi, akashusha sauti.

“Mama, hizi alama ni za vidole.”

“Ndiyo.”

“Nyumbani kuna mtu anakushika kwa nguvu?”

“Yuko.”

“Ni huyu mwanamume amekuleta?”

Nikacheka. Wallahi nilicheka mpaka mgongo ukanikumbusha nilikuja kufanya nini. Twalib! Twalib hajanishika hata mkono wa Idi. “Siye,” nikamwambia. “Ni mamangu.”

Akanitazama. “Mama yako anakupiga?”

“Hanipigi. Ananishika nikimnyanyua. Asije akaanguka.”

Nje nikasikia Twalib akizungumza na simu habari za kontena.

“Unamnyanyua mara ngapi?”

“Asubuhi kuoga, asri dirishani. Na akihitaji.”

“Na nani?”

“Na Mungu.”

Hakucheka. Akasema pole pole, bila kunisuta, “Nilikuuliza kama unanyanyua vitu vizito.”

“Mamangu si kitu, daktari.”

Akaitikia kwa kichwa. Akairudisha nyundo yake mezani. Halafu akasema jambo ambalo nimelichukua mpaka nyumbani, na sijui niliweke wapi. Akasema, “Mgongo haujui kama ni mama.”

Maelezo yake nayaandika hapa kwa sababu najua wako wengine wanaosoma hali wamejifunga leso viunoni. Alisema kwamba kwa alivyoniona, yamkini ule mto ulio kati ya pingili za chini umefura na kuukandamiza mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni. Kwamba kwa hali hii hatanialisha leo, hata kidogo, mpaka nipigwe picha hospitali kubwa, ile ya kuingizwa kwenye mashine kama mkate tanuuni. Kwamba ganzi ikizidi, au mguu ukianza kuburuta, au nikashindwa kuuzuia mkojo, nisingoje kesho wala kumpigia yeye, niende hospitali saa ileile. Kwamba wengi hupata nafuu bila kisu, kwa mazoezi na subira, lakini si kama kila siku naurudia ule mvuto ulioniumiza. Akanifundisha kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko. Na akasema nisimnyanyue tena mtu yeyote peke yangu.

Peke yangu. Nilimwambia alirudie hilo neno mbele ya Twalib.

Akamwita. Twalib akaingia anatabasamu, akanitazama shingo, akanitazama miguu. “Imekuwaje? Sikusikia kitu.”

“Hakuna kitu cha kusikia,” daktari akasema.

“Hukumualisha? Sasa tumekuja kufanya nini?”

Akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa ule uti wa plastiki, akiubonyeza ule mshipa wa manjano kwa kidole gumba mpaka mimi mwenyewe nikajisikia. Twalib alikuwa akiitikia “naam, naam,” kama mtu anayengoja upande wa pili umalize ili aseme bei. Daktari alipofika kwamba mama anyanyuliwe na watu wawili, akaitikia polepole zaidi.

“Lakini daktari, mamangu hapendi kuguswa na mtu. Na mambo ya mwanamke... Mimi ni mtoto wa kiume.”

“Kuogesha sikuzungumzia. Nazungumzia kutoka kitandani hadi dirishani. Hiyo nayo ina aibu gani?”

Twalib akaniangalia mimi. Mimi nikauangalia uti wa plastiki.

Basi daktari akatufundisha. Shuka ipite chini ya mapaja. Miguu ipanuliwe, magoti yakunjwe, mgongo usipinde, mgonjwa awe karibu na kifua, watu wahesabu kwa pamoja. Alitaka Twalib ajaribu kwake yeye. Twalib akajikunyata, astaghfirullah, hawezi kumshika mwanamke wa watu. Daktari akasema basi ajaribu kwa dada yake, na yule msichana wa mapokezi atashika upande wa pili.

Ikawa mimi naketi na ndugu yangu ananishika. Tangu tuzaliwe hajapata kuninyanyua. Nilimnyanyua mimi: nilimbeba kiunoni, hukuhuku kiunoni, mpaka mama alipomwambia yeye sasa ni mwanamume. Wakahesabu. Akaninyanyua kidogo tu juu ya kiti, akaniweka chini, uso umemuiva.

“Dada! U mzito!”

“Mama ananizidi,” nikamwambia.

Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kulisema hilo kwa sauti. Nikangoja nione mbingu itafanya nini. Haikufanya kitu. Ile mashine ya baridi iliendelea kuvuma.

Tukarudi Kibokoni. Tulipofika Twalib akasema ataswali asri msikiti wa hapahapa kisha aje, tumpeleke mama dirishani kama tulivyoonyeshwa, ni jambo jepesi. Nakubali kwamba moyo wangu ulifanya kitu cha kijinga. Ulifurahi. Nilipanda ngazi nikiwa na nafuu ambayo hakuna dawa iliyoileta. Nawal aliponiona akachukua mkoba wake akaenda zake. Nikakitandika kile kiti cha dirishani, nikapangusa vumbi kwenye mbao za dirisha, nikamvalisha mama leso safi, nikamwambia leo atapelekwa na mwanawe.

Mama akaniuliza, “Kwani wewe una nini?”

Nikamweleza. Mshipa, pingili, ganzi. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema daktari mwenyewe mtoto.

Twalib akaja. Akavua viatu, akakunja mikono ya kanzu. Nikapitisha shuka chini ya mapaja ya mama. Nikasimama upande mmoja, yeye upande wa pili, akapanua miguu, akakunja magoti, vizuri kabisa, daktari angefurahi. Akapitisha mkono mgongoni mwa mama. Akasema, “Bismillahi, moja...”

“Ngoja,” mama akasema. “Ngoja, ngoja. Twalib, toa mkono.”

“Kwani nimekuumiza, mama?”

“Hukuniumiza. Wewe ndiwe utakayeumia. Inuka hapo, mwanangu, usijitie mgongo mbovu bure. Wewe watu wakutegemea.”

“Mama, daktari kasema...”

“Inuka. Utachafua na kanzu.” Na ule mkono wake mzima, ule unaoniachia mimi alama, ukampapasa Twalib begani, pole pole, kwa kiganja kilichofunguka. Kisha akanigeukia mimi. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeomba glasi ya maji.

“Njoo wewe. Wewe ushazoea.”

Nataka niwe mkweli hapa. Mikono yangu ilikwenda. Kabla ya akili mikono ilishakwenda, imeshafika makwapani mwake, na vile vidole vyake vimeshapata mahali pao juu ya kiwiko. Nikamtazama Twalib. Alikuwa ameshasimama wima. Na usoni mwake niliona ile raha ya mtoto aliyeambiwa leo hakuna chuo.

Nikaitoa mikono.

“Leo sinyanyui, mama. Tukinyanyua tunanyanyua sote, au basi.”

Twalib akasema, “Dada, leo tu. Mara moja tu, kisha tutaangalia mpango.”

“Wewe umezuiwa na nani usinisaidie?”

“Si umesikia mama alivyosema?”

Nikasema nimesikia. Nimemsikia vizuri kuliko siku yoyote. Nikavuta kigoda nikakaa. Kukaa kwenyewe kuliniuma, lakini nilikaa kama sultani.

Hakuna aliyepiga kelele. Sisi si watu wa kelele. Twalib akaangalia simu, akasema ataangalia la kufanya, labda atafutwe msichana wa kazi. Mama akamwambia inshallah. Wasichana wa kazi wameshapita hapa. Mmoja mama alimfukuza kwa kuwa hatua zake zina kishindo, mwengine kwa kuwa alimtazama. Twalib anajua. Akambusu mama mkono, akavaa viatu, akateremka ngazi, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama mlingoti.

Mama akageuza uso ukutani.

Baadaye Bi Shamsa akaita kutoka dirishani kwake, “Bi Zena! Wewe! Waswali mpaka saa hizi?” Nikaenda mimi dirishani nikasema, “Amepumzika, Bi Shamsa.” Na kutoka kitandani, kwa sauti iliyovuka kichochoro bila taabu, mamangu akasema, “Sikupumzika. Nimelazwa.”

Bi Shamsa akanitazama. Akafunga ubao mmoja wa dirisha, taratibu, kwa adabu. Kufika kesho mtaa mzima utajua kwamba binti aliyeachwa amemwacha mamake kitandani. Sitamjibu mtu. Kujibu ni kusimbulia.

Nilimpa mama uji akanywa. Nikamgeuza kwa shuka kama nilivyofundishwa, bila kumvuta, akanung'unika kwamba namgeuza kama chapati. Kisha akaniambia nimpelekee Twalib ujumbe, nimuulize kama mgongo haukumuuma kwa ile kuinama. Nikadhani afanya mzaha. Hakufanya. Nikaandika: “Mama auliza hali ya mgongo wako.” Akajibu kwa kile kidole gumba cha kwenye simu.

Na mguu wangu? Waya wa stima umetulia kidogo tangu jioni. Asri ya kwanza bila ya kunyanyua na tayari mwili umeanza kunishukuru, na mimi shukurani yake siwezi kuipokea. Nikijiinua kwa viwiko hapa mkekani naona kitanda chake, na kisogo chake, na nywele zile chache nilizozisuka asubuhi. Halali. Najua anavyopumua akilala.

Je, nimemfunza adabu Twalib, au nimemwadhibu mamangu kwa kumpenda mwanawe? Nimeuliza tu. Anayejua jibu na akae nalo.

Hata hivyo nimeshaamua, na naandika mbele ya watu ili nisije nikajigeuka. Hospitali nitakwenda kupigwa hiyo picha. Asubuhi Nawal aje tusaidiane kumpeleka kuogeshwa, na mgongo wake wa uzazi, nami na wangu, migongo miwili mibovu huenda ikafanya mmoja mzima. Asri nitampigia Twalib. Asiposhika nitampigia tena, nitampigia ofisini, mbele ya makarani wake. Akija, na mama akisema inuka mwanangu, nitamwambia asiinuke. Na wasipokuja wote wawili, mamangu hatakwenda dirishani. Nitapanda kitandani nilale ubavuni mwake, tuutazame ukuta pamoja.